Kiti cha magurudumu uwanjani ni haki ya mzee, si huruma wala aibu



Kila mwaka, likizo kubwa inapokaribia, watoto wetu walio Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani huwatumia wazazi tiketi za ndege. Mama anaitwa akamwone mjukuu aliyezaliwa. Baba anaitwa akapimwe macho au moyo. Tena siku hizi kuna jambo jipya: watoto wenye kazi nzuri wanachangishana, wanawalipia wazazi safari ya meli kubwa ya matembezi, ile inayozunguka bahari wiki nzima na kuamkia kila siku bandari nyingine. Ni furaha, na ni heshima kwa wazazi waliowasomesha kwa jasho.

Lakini katika matayarisho hayo yote, ya viza, ya pasipoti, ya chanjo ya homa ya manjano, ya sombe iliyokaushwa na dagaa za kupelekea wajukuu, kuna swali moja ambalo jamaa nyingi hazilizungumzi: mzee huyu atatembeaje kutoka mlango wa uwanja hadi mlango wa ndege? Na huko atakakobadilisha ndege, nani atamfikisha?

Maoni yangu nayasema wazi toka mwanzo. Mzee asiyeweza kutembea mbali aombewe kiti cha magurudumu siku ile ile tiketi inaponunuliwa. Asione aibu. Asilipe kitu. Mtu mzima wa afya asimnyang'anye kiti hicho. Na viongozi wa viwanja na bandari zetu watimize nao upande wao.

Uwanja wa nje si kama Luano

Aliyezoea uwanja wetu wa Luano anadhani uwanja wa ndege ni nyumba moja: unaingia, unapima mizigo, unapiga mhuri, unangoja kidogo, unatembea hadi kwenye ngazi ya ndege. Mtu wa miaka sabini na mbili anaweza kuyafanya hayo akipumzika njiani.

Kule nje mambo ni mengine. Wasafiri wetu wengi wanabadilisha ndege Addis-Abeba, Nairobi au Johannesburg kabla ya kuendelea. Katika viwanja hivyo, na zaidi katika vile vya Ulaya, njia kati ya ndege unayoshuka na ndege unayopanda inaweza kufika kilometa nzima, hata kupita. Kuna korido zisizoisha, ngazi zinazojiendesha zenyewe, milango yenye namba na herufi. Paris-Charles de Gaulle ni kubwa hata kuna treni ndogo ya kuhamisha watu kutoka jengo moja hadi lingine. Na katikati ya hayo yote kuna mistari: ya kupima mizigo ya mkononi, ya kuonyesha pasipoti, ya kujibu maswali. Mtu anaweza kusimama saa nzima bila pahali pa kukaa, kiisha aambiwe akimbie kwa sababu mlango wa ndege unafungwa.

Mama mmoja wa komini ya Katuba, aliyepita miaka sabini, mwenye magoti yanayovimba, alisafiri hivyo. Mtoto wake alimwuliza kwa simu: "Mama, tukuombee kiti?" Akajibu: "Mimi si kilema, nitatembea." Akatembea. Alipofika kwenye mlango wa ndege ya pili, ndege ilikuwa imefungwa. Alilala usiku ule kwenye benchi ya uwanja, miguu imevimba, dawa zake za presha ziko ndani ya sanduku kubwa lililokwisha kwenda. Kampuni ya ndege siitaji kwa sababu kosa halikuwa lake: hakuna aliyeomba chochote, wala hakuna aliyejua kwamba mama huyo ana shida ya kutembea.

Jibu la mama huyo nimelisikia katika nyumba nyingi. Kwetu, kiti cha magurudumu kinafikiriwa kuwa ni kiti cha mtu aliyemalizika. Wengine wanasema ukikikalia mara moja unajiitia mkosi, utakikalia siku zote. Tunasahau kwamba tunawaona kila siku watu wenye ulemavu wanaofanya kazi kuliko sisi. Wale wa Kinshasa wanaovuka mto kwenda Brazzaville na baiskeli zao za mikono, zimejaa bidhaa, wamesomesha watoto kwa biashara hiyo. Gurudumu halikuwaondolea heshima. Limewafikisha.

Haki iliyoandikwa

Wazee wengi wanakataa kwa sababu wanadhani wanaomba huruma ya mzungu. Hapana. Ni jambo lililoandikwa katika sheria.

Ulaya kuna kanuni namba 1107 ya mwaka 2006, inayofanya kazi kwa ukamilifu tangu mwezi wa saba 2008. Inasema mtu mwenye ulemavu, au mwenye shida ya kutembea kwa sababu yoyote pamoja na uzee, lazima asaidiwe bure katika viwanja vya Umoja wa Ulaya, akiondoka, akipita au akifika. Anayebeba kazi hiyo ni mwenye kusimamia uwanja, na gharama inagawanywa juu ya wasafiri wote. Maana yake, kila anayenunua tiketi ya kupita huko amekwisha kuchangia. Mama anapokaa kwenye kiti kule Bruxelles, anakalia kitu kilicholipiwa. Kanuni hiyo hiyo inaruhusu vyombo vyake vya kutembelea, hadi viwili, vipakiwe bila malipo.

Marekani sheria ni ya mwaka 1986, na huko mwenye wajibu ni kampuni ya ndege yenyewe. Haina ruhusa ya kumtoza msafiri kwa kiti. Ni kweli kwamba katika viwanja vya Marekani kuna desturi ya kumwachia msukumaji dola chache za asante. Ni desturi tu. Asiyekuwa nazo hapaswi kuachwa njiani.

Na kwetu? Katiba yetu, katika kifungu cha 49, inasema wazee na watu wenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa njia za pekee kufuatana na mahitaji yao. Inchi yetu iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Tena tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ilitangazwa sheria ya pekee ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu. Karatasi tunazo. Nitarudia jambo hilo chini.

Kuomba: lini na namna gani

Shida kubwa ni kwamba watu wanaomba wakiwa wamekwisha kufika mbele ya kaunta. Hapo mtumishi anaweza kutafuta kiti, lakini viti vinaweza kuwa vimekwisha, na uwanja wa kubadilishia ndege haujui kama kuna mtu wa kungojwa. Omba siku ya kununua tiketi. Ikiwa umesahau, omba angalau saa 48 kabla ya kuondoka. Anayenunulia mzazi tiketi kwa intaneti atafute pahali pa kuandika msaada wa pekee. Anayenunua kwa ajansi ya hapa mjini amwambie wazi mwenye ajansi, kisha adai kuona kwamba imeandikwa ndani ya tiketi, kwa kila ndege ya safari hiyo, ya kwenda na ya kurudi. Wengi wanaandikiwa ndege ya kwanza peke yake, na ya pili hakuna anayewangoja.

Makampuni ya ndege yanatumia alama tatu. WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege, lakini hawezi mwendo mrefu. WCHS ni mtu asiyeweza ngazi, ila ndani ya ndege anajisogeza mwenyewe. WCHC ni mtu asiyeweza kutembea kabisa, lazima afikishwe mpaka kwenye kiti chake kwa kile kiti chembamba kinachopita kati ya viti vya abiria. Tofauti hizi si mchezo. Ukimwandikia mama WCHR na kumbe hawezi ngazi, atasukumwa vizuri mpaka chini ya ndege, kisha ataambiwe apande. Hapo ndipo watu wanabebwa mgongoni kama gunia la unga. Kwa mtu wa ngazi, uwanja wenye vyombo unaleta gari lenye chumba kinachoinuliwa hadi mlango wa ndege, lakini gari hilo linatumwa kwa aliyeandikwa.

Kwa mzee asiye mgonjwa, mwenye miguu mizito tu, kwa kawaida karatasi ya daktari haidaiwi. Inadaiwa kwa anayetumia oksijeni, aliyetoka kupasuliwa karibuni, au mgonjwa ambaye hali yake inaweza kubadilika angani.

Nawashauri jambo lingine dogo ambalo halina gharama. Mwandikieni mzazi karatasi moja kwa herufi kubwa, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza: jina lake, namba za ndege zake, mji anaokwenda, namba ya simu ya mtoto anayemngoja, dawa anazokunywa, na kwamba anasema Kiswahili. Aiweke pamoja na pasipoti katika mkoba wa shingoni. Dawa, miwani na pesa zisiingie katika sanduku kubwa. Pasipoti airudishe mkobani kila inapokaguliwa, asimwachie msukumaji.

Na mumweleze kwamba kusukumwa ni kungoja pia. Msukumaji anaweza kumweka katika chumba cha watu wanaongoja kiti, akaenda kuchukua mwingine. Mzee anashikwa na woga, anainuka kwenda kutafuta njia mwenyewe. Huko ndiko kupotea. Akae, aonyeshe karatasi yake kwa kila mtumishi anayepita, na aseme mapema akitaka choo.

Wanaoomba bila kuhitaji

Sasa niseme neno ambalo halitawafurahisha wote. Kuna ushauri unaozunguka katika vikundi vya WhatsApp: "Omba kiti hata kama wewe ni mzima, utapita mstari wa kwanza." Watu wanakaa kwenye kiti wakipanda, wakifika, wanasimama na kukimbilia mizigo yao. Mambo hayo hayafanywi na Wakongo peke yao. Kule Marekani hata wamezoea kuyachekea, wanasema kuna ndege zinazoponya watu angani.

Mimi sicheki. Kila kiti kina mtu wa kukisukuma, na watu hao ni wa kuhesabika. Kijana wa miaka arobaini akikaa juu yake ili asisimame, kuna mama wa kweli aliyebaki ndani ya ndege tupu akingoja, na ndege yake ya pili inaondoka. Hiyo si akili, ni wizi, hata kama hakuna polisi wa kuukamata.

Lakini tuwe waangalifu tusigeuke mahakimu. Si kila ulemavu unaonekana kwa macho. Kuna mwenye moyo dhaifu, mwenye pumu, mwenye sukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi. Anaweza kutembea hatua ishirini akionekana mzima, na hatua mia mbili zikamwangusha. Huyo asikatazwe kiti kwa sababu jirani anamwangalia vibaya.

Kuna na shida ya tatu, ambayo ni yetu hasa. Mama ana miguu yenye nguvu, analima shamba lake mpaka leo, lakini hasomi na hajui Kifaransa wala Kiingereza. Watoto wanamwombea kiti ili apate mtu wa kumwongoza. Nawaelewa, na siwezi kuwaita wezi. Mama aliyepotea katikati ya uwanja bila lugha yuko katika hatari ya kweli. Lakini shida yake ina jina lake. Makampuni mengi yana msaada wa kumpokea msafiri na kumsindikiza bila kiti, na alama yake ni MAAS. Ulizeni huo kwanza. Kama kampuni inasema haina, basi mtoto aseme ukweli, kwamba mama ni mzima lakini hajui lugha, akaulize watafanya nini. Mara nyingi msafiri mwingine wa kwetu katika ndege ile ile anaweza kuombwa awe jicho lake. Zamani katika treni tulikuwa tunakabidhiana wazee na watoto hivyo.

Meli ina masharti yake

Kwa jamaa zinazowalipia wazazi safari ya meli, jueni kwamba kiti cha uwanja kinaishia uwanjani. Msukumaji wa ndege atamfikisha mama kwenye mizigo na kwenye mlango wa teksi, basi. Bandari ni nyumba nyingine, na kampuni ya meli ni mwenye nyumba mwingine. Huko lazima kuomba tena, kwa jina la kampuni ya meli, wiki kadhaa kabla.

Tena bandari inaweza kuwa mbali na uwanja. Meli zinazotangazwa kwamba zinatoka Roma zinatoka Civitavecchia, takriban kilometa 70 kutoka mji wenyewe. Mzee aliyetoka kusafiri usiku wote atapanda gari gani kwa umbali huo, na gari hilo lina nafasi ya kiti chake? Ulizeni kabla ya kulipa.

Ndani ya meli, kwa kawaida kiti cha kampuni ni cha kupandia na kushukia tu. Hakikai na msafiri wiki nzima. Anayekihitaji kila siku aje na chake au akodi kimoja, na aombe chumba chenye mlango mpana, kwa sababu milango ya vyumba vya kawaida ni myembamba. Na katika bandari fulani meli haigusi nchi kavu: watu wanashushwa kwa boti ndogo, na wakati wa mawimbi mtu wa kiti anaweza kuambiwe abaki. Afadhali mzazi ajue toka nyumbani, kuliko kuvaa kitambaa chake kizuri na kukatazwa mlangoni.

Siku ya kurudi ni ngumu zaidi. Katika miji kama Miami, meli kadhaa zinafika asubuhi moja, na maelfu ya watu wanakwenda uwanjani kwa pamoja, wengi wao wazee wanaotaka kiti. Usimnunulie mzazi ndege ya saa nne asubuhi kwa sababu ni ya bei nafuu. Mnunulie ya alasiri, au mlaze siku moja mjini.

Na kwetu je?

Tusijidanganye kwamba jambo hili ni la wenye watoto Ulaya tu. Katika inchi hii ndege si anasa. Mgonjwa wa Lubumbashi anayetumwa Kinshasa hana barabara ya kumfikisha akiwa hai. Anapanda ndege au anabaki. Mgonjwa wa Kalemie au Manono hivyo hivyo. Hao ndio wenye kuhitaji kiti kuliko wote.

Na tunalipa. Go-Pass ilipoanzishwa mwaka 2009, tuliambiwa dola 50 kwa safari ya nje na dola 10 kwa safari ya ndani ni za kutengeneza viwanja vyetu. Basi tuna haki ya kuuliza: katika kila uwanja kuna viti vingapi vinavyotembea, na vinawekwa pahali gani? Nani amefundishwa kumwinua mtu bila kumvunja bega? Pahali pasipo na gari la kuinua, njia ya mteremko ya kupitisha kiti hadi kwenye ndege ndogo inashindikana kweli? Katika viwanja vyetu vingi msaada unategemea vijana wenye nguvu na moyo mzuri, kiisha wanaomba "ya Fanta". Siwalaumu vijana, nao wana njaa. Nalaumu utaratibu unaogeuza haki kuwa kitu cha kununua kwa franga mbele ya mlango.

Kwenye maziwa yetu ni vibaya zaidi. Kuingia katika boti nyingi za Tanganyika na Kivu ni kupita juu ya ubao mmoja mwembamba, maji chini. Mwenye ulemavu anabebwa au anaachwa. Ubao mpana wenye pa kushikilia ni kazi ya seremala mmoja kwa siku moja. Haudai mfadhili kutoka Ulaya. Unadai mkubwa wa bandari aseme: boti isiyo nao haiondoki.

Naomba basi mambo matatu. Kwanza, wasimamizi wa viwanja wabandike mlangoni, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwamba msaada wa kiti ni bure, pamoja na namba ya simu ya kuuombea. Pili, vyama vya watu wenye ulemavu wa mji wetu waitwe kukagua viwanja na bandari, kwa sababu wao ndio wanaojua gurudumu linakwamia wapi. Tatu, sheria ya 2022 isibaki kwenye makabati ya Kinshasa. Wabunge wetu waulize kila mwaka imefanya nini katika usafiri.

Na ninyi watoto mlio ng'ambo, kabla ya kumtumia mama tiketi, mpigieni simu. Msimwulize kama anataka kiti, maana atajibu kwamba yeye si kilema. Mwulizeni kutoka nyumbani hadi sokoni anapumzika mara ngapi. Jibu lake litawaambia cha kuandika.

Mwandishi wenu, Lubumbashi